KUSAMEHE SI KUNYAMAZA

Nimeishika kalamu yangu ili nitoe maoni kuhusu jambo ambalo hunong'onezwa mabwenini taa zikizimwa, lakini likitajwa gwarideni kila mtu hujitia kiziwi. Jambo lenyewe ni uonevu wanaofanyiwa wanafunzi wageni, hao tunaowaita mono. Najua wapo watakaokunja nyuso na kusema, "Aa, huyu naye! Si mambo haya yalikuwako tangu jadi?" Naam, yalikuwako. Hata malaria ilikuwako tangu jadi, lakini sijamwona mtu akiifuga.

Mengi yameshaandikwa kuhusu ubaya wa uonevu, nami sitaki kuyarudia yote kama kasuku. Ninalotaka kulizungumzia ni hili: dini ina kazi gani katika jambo hili? Shule yetu, kama shule nyingi za Kenya, husali. Tunasali gwarideni, tunasali bwaloni kabla ya kula, Jumapili tunaimba hadi mabati yanatetemeka, na ndugu zetu Waislamu hawakosi swala yao ya Ijumaa. Iweje basi mahali palipojaa dua namna hii mtoto wa miaka 15 alale huku akilia ndani ya blanketi? Maoni yangu ni haya: imani ni dawa kubwa kwa mtu aliyeonewa, ila dawa hiyo hugeuka sumu pindi inapotumiwa kumnyamazisha. Kusamehe ni jambo moja na kunyamaza ni jambo jingine.

Kwanza tuelewane. Sizungumzii utani. Utani ni kiungo cha maisha ya bweni, na bila utani bweni lingekuwa kama githeri isiyotiwa chumvi. Mtaalamu mmoja wa Norway, marehemu Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza uonevu wa watoto shuleni miaka ya 1970, alitupa vipimo vitatu vya kuutambua. Uonevu hufanywa makusudi, hurudiwarudiwa, na anayeonewa huwa hana nguvu sawa na anayemwonea. Utani huenda ukarudi. Wewe wanitania, nami nakutania, sote twacheka. Uonevu ni barabara ya kwenda tu, haina kurudi.

Mono anapoambiwa aupime uwanja wa mpira kwa kijiti cha kiberiti, au aizime taa ya umeme kwa kuipuliza, au ampigie mamake simu kwa kutumia kiatu, wenyeji hucheka mpaka mbavu zikawauma. Labda siku ya kwanza mono mwenyewe hucheka pia. Lakini wapi! Mambo hayaishii hapo. Kesho yake anaamshwa saa kumi za alfajiri akamtekee mtu maji ya kuoga. Keshokutwa sanduku lake linavunjwa kufuli na sukari aliyonunuliwa na mamake inatoweka. Mtondo anafuliwa? Thubutu! Yeye ndiye anayefua soksi za watu wanne. Mtondogoo anapigwa mshipi kwa kosa la kumtazama mkubwa usoni. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mimi nadhani wahenga walikuwa wakieleza hali ya mgeni ili tumhurumie. Hawakutuagiza tuikaze kamba.

Wengine hudai kwamba hii ni mila ya shule na kwamba mila haiachwi. Hebu tuulize, ni mila ya nani? Mababu zetu walikuwa na njia zao za kuwaingiza vijana katika utu uzima, na humo mlikuwa na mafunzo, walezi na wazee waliosimamia. Hii ya mdogo kuwa mtumishi wa mkubwa bwenini inafanana zaidi na ile iliyokuwa katika shule za bweni za Uingereza, kwa mfano Eton na Rugby, ambako kijana mdogo alimpigia mkubwa viatu rangi na kumwandalia chai. Rugby kuanzia mwaka 1828 iliongozwa na Thomas Arnold, ambaye alikuwa kasisi. Ibada ilikuwako kila Jumapili, na uonevu ulikuwako pia, hata Thomas Hughes, aliyesoma hapo, akaandika riwaya juu yake mwaka 1857. Waingereza wenyewe wameiacha desturi hiyo. Sisi tumebaki tumeikumbatia, eti ni mila yetu!

Sababu kubwa inayofanya jambo hili lidumu ni kulipiza kisasi. Tena kisasi chenyewe ni cha ajabu, kwa kuwa hulipizwa mtu asiyekuwa na hatia. "Mimi nilifanyiwa, kwa nini nisifanye?" Hiyo ndiyo kauli. Hapa nataka tuangalie jambo lililotokea katika shule za nchi hii hivi majuzi. Wanafunzi wa mwisho kuingia shule za upili kwa jina la kidato cha kwanza waliingia mwaka 2024. Mwaka 2025 hapakuja kidato cha kwanza kwa sababu ya kubadilishwa kwa mtaala. Wageni waliofuata ni wa Gredi ya 10, walioingia Januari 2026. Kwa hivyo wale wa 2024 walikaa miaka miwili mizima bila mtu wa chini yao. Wako waliosahau machungu yao katika miaka hiyo, nao nawapongeza. Lakini wako pia walioyaweka kama deni benkini, likawa likizaa riba. Gredi ya 10 walipoteremka kwenye magari na magodoro yao, wadai wakajitokeza. Ndugu zangu, hesabu hiyo si hesabu. Aliyekukopa ni mmoja na unayemdai ni mwingine!

Sasa, je, uonevu unamfanya nini mtoto? Wako wanaosema humkomaza. Mimi nasema humkondesha. Anayeonewa hapati usingizi kwa sababu anasikiliza nyayo. Tumbo humuuma kila jioni maandalio ya usiku yanapokaribia kwisha. Akili yake haimo kitabuni, imo mlangoni. Wengine hukojoa kitandani, jambo ambalo walikuwa wameliacha wangali wadogo, na aibu ya hilo huwaongezea kicheko na mateso. Wengine huruka ua wakaenda zao. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019, iliyokusanya habari kutoka nchi nyingi za dunia, ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya kila 3 alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Ripoti hiyo ilieleza pia kwamba wanaoonewa mara kwa mara hujihisi kama watu wa nje katika shule zao wenyewe na hukosa masomo kuliko wenzao. Ni nani basi aliyekomazwa hapo?

Kuna jeraha jingine ambalo ripoti haziwezi kulipima vyema. Mtoto anayeonewa kila siku mwisho huanza kuamini kwamba anastahili. Hujiuliza, "Mbona mimi? Nimemkosea Mungu nini?" Hapo ndipo dini inapoingia, ipende isipende.

Nikiri wazi kwamba imani husaidia, tena sana. Mtu aliyeitwa takataka wiki nzima akienda ibadani akaambiwa kwamba ameumbwa na Mungu na kwamba ana thamani mbele zake, anapata mahali pa kusimama. Kuimba pamoja na wenzako hukuondolea upweke. Kuswali kwa safu, bega kwa bega, ambapo tajiri hana mbele na maskini hana nyuma, humkumbusha mono kwamba yeye naye ni mtu. Dua humpa nafasi ya kusema lile asiloweza kumwambia binadamu. Kwa mtoto aliye mbali na nyumbani, haya si mambo madogo. Ningekuwa mwongo kama ningeyadharau.

Walakini kuna upande wa pili. Mtoto wa mjomba wangu alijiunga na shule moja ya bweni katika kaunti nyingine, nayo nisiitaje. Alikuwa kijana wa dini tangu utotoni, na huko kwao ndiye aliyekuwa akisoma Biblia watoto wenzake wakisikiliza. Bwenini aliangukia mikononi mwa wakubwa watatu. Walimpiga, wakamla pesa za matumizi, wakamfanya alale sakafuni chini ya kitanda cha mmoja wao huku wakimwambia aendeshe basi la kwenda Mombasa na apige honi. Akaenda kwa kiongozi wa chama cha dini pale shuleni, akamweleza. Kiongozi alimwombea. Alirudi mara ya pili, akaombewa tena, akaambiwa amwachie Mungu, kila mtu na msalaba wake. Mara ya tatu akaonywa kwamba moyo wa kinyongo ni dhambi na kwamba awasamehe kabla jua halijatua. Aliwasamehe. Usiku huohuo wakampiga.

Si kiongozi huyo wala wanachama wenzake waliochukua hatua ya kwenda kwa mwalimu. Mamake ndiye aliyegundua siku ya wazazi kutembelea wanafunzi, alipomwona mwanawe amekonda na shati lina doa la damu mgongoni. Muhula ulipokwisha walimhamisha. Leo anasoma kutwa karibu na kwao na alama zake zimepanda tena. Jambo moja tu halijarudi. Jumapili wenzake wakienda kanisani yeye hubaki nyumbani. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa sauti ya chini, "Mungu alikuwa upande wa wale wakubwa." Wasomaji wapenzi, jibu hilo lilinikata maini. Uonevu ulimwibia pesa na usingizi, na vyote hivyo vimerejeshwa. Ushauri wa watu wa dini ndio uliomwibia imani.

Wala msidhani kiongozi yule alikuwa mtu mbaya. Aliomba kwa moyo safi, na maneno yake yote ni ya dini kwelikweli: subira, msamaha, kumtegemea Mola. Kosa ni kwamba alimpa mgonjwa nusu ya dawa. Subira yavuta heri, sikatai, lakini subira ya mtu anayechapwa kila usiku huvuta mshipi tu. Isitoshe, shule nyingi zina ugonjwa wa ajabu zaidi. Utamkuta mtu ndiye anayeongoza sifa Jumapili, mikono juu, macho yamefumbwa, machozi yanamtiririka. Jumatatu usiku mikono ileile iko kwenye shingo ya mono. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Je, dini zenyewe zinafundisha kunyamaza? Tusome vitabu vyetu vizuri. Wakristo hupenda kuitaja sura ya 18 ya Injili ya Mathayo kwa sababu humo Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, naye anaambiwa zaidi ya vile alivyodhani, hata sabini mara saba. Vyema. Lakini anzeni mwanzo wa sura hiyohiyo. Inaanza kwa Yesu kumsimamisha mtoto mdogo katikati ya wanafunzi wake waliokuwa wamemuuliza ni nani mkubwa. Kisha anatoa onyo kali mno kwa yeyote anayewakosesha wadogo, akitaja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Halafu anaeleza utaratibu wa kufuata ukikosewa: mwendee aliyekukosea mkiwa wawili, asiposikia nenda na mashahidi, asiposikia peleka habari mbele ya kusanyiko. Utaratibu huo wa kushtaki umetangulia, ndipo likaja swali la Petro la kusamehe. Havipingani hata kidogo.

Tena sura hiyo inamalizika kwa hadithi ya mtumishi aliyesamehewa deni kubwa mno na bwana wake, kisha akatoka nje akamkaba koo mtumwa mwenzake aliyekuwa na deni dogo. Hebu niambieni, huyo si mkubwa wa bweni kabisa? Na walioyaona hayo walifanya nini? Watumishi wenzake walisikitika, wakaenda moja kwa moja kumweleza bwana wao kila kitu. Hawakuitwa wachongezi. Katika hadithi hiyo mashuhuri juu ya msamaha, wamo watu waliopiga ripoti!

Mtume Paulo naye tumwangalie. Katika Matendo ya Mitume sura ya 16, yeye na Sila walipigwa hadharani mjini Filipi bila kuhukumiwa, wakatiwa gerezani. Usiku wakawa wanaomba na kuimba. Hiyo ndiyo sehemu tunayopenda kuihubiri. Asubuhi wakuu wa mji wakatuma watu wawafungue kimyakimya waende zao. Paulo akakataa. Alisema wao ni raia wa Roma, wamepigwa kinyume cha sheria, na hao wakuu waje wenyewe kuwatoa. Usiku aliimba na asubuhi akadai haki yake. Imani yake ilikuwa na nafasi ya mambo yote mawili.

Kwa upande wa Uislamu, mafundisho yako wazi vilevile. Surat Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya ya kejeli, jambo ambalo kwetu huanza hata kabla mono hajatandika godoro. Surat An-Nisaa, aya ya 148, inafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Maana yake ni kwamba mdhulumiwa ana ruhusa ya kusema. Kusamehe kumesifiwa sana katika Kurani, lakini Surat Ash-Shura inawataja kwa wema pia wale wanaojitetea wanapodhulumiwa. Tena Mtume Muhammad aliwafundisha Waislamu wamsaidie ndugu yao, awe dhalimu au mdhulumiwa. Walipouliza watamsaidiaje dhalimu, aliwaeleza kuwa msaada wake ni kumzuia asidhulumu. Hayo ni mafundisho mazito. Anayeupeleka uonevu kwa mwalimu amewasaidia wawili, aliyepigwa na mpigaji.

Na wote wawili, Mkristo na Mwislamu, wana kisa cha Yusufu. Nduguze walimtupa kisimani, naye mwishowe akawasamehe. Angalieni lini aliwasamehe. Ni wakati ambapo hawakuwa tena na uwezo wa kumtupa kisimani, nao walikuwa wameshakiri kosa lao. Sijasoma mahali popote kwamba Yusufu alirudi kisimani ili athibitishe kwamba amesamehe.

Hapa pana jambo la kuwaambia waonevu pia, maana nao ni watoto wa watu. Dini haiwafungii mlango wa toba. Lakini toba si kulia ibadani tu. Zakayo mtoza ushuru, katika Injili ya Luka sura ya 19, aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya kwa hila. Katika Uislamu toba ya kosa alilofanyiwa binadamu haikamiliki mpaka mwenye haki arudishiwe haki yake au aombwe radhi. Kwa hivyo ukiokoka Jumapili, Jumatatu rudisha sukari ya mono!

Najua nitaambiwa, "Ukisema kwa walimu wewe ni mchongezi." Tutofautishe. Mchongezi hupeleka maneno ili amwangushe mtu. Shahidi hupeleka maneno ili amwinue mtu. Aidha, sheria ya nchi iko upande wa shahidi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kila aina ya ukatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kwa namna yoyote, iwe mwilini au akilini, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6 au vyote viwili. Ipo pia Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Na anayeogopa kumwambia mtu uso kwa uso, iko nambari ya simu 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo haitozwi hata senti. Mono wetu waifahamu nambari hiyo kama wanavyozifahamu nambari zao za usajili.

Nimalizie kwa mapendekezo, maana kulaumu bila kupendekeza ni kelele za debe tupu. Kwanza, vyama vyetu vya dini viwe na kanuni moja isiyovunjwa: mwanafunzi akija kusema kwamba anaonewa, aombewe, kisha mtu mmoja amshike mkono aende naye kwa mwalimu wa ushauri nasaha au mwalimu mlezi wa bweni siku hiyohiyo. Sala na safari, vyote viwili. Pili, asichaguliwe mtu kuongoza chama cha dini kabla ya kuulizwa wale wanaolala naye bweni moja. Hao ndio wanaomjua, kikulacho ki nguoni mwako. Tatu, kasisi, shehe na wafadhili wa shule wakija kuhubiri, watuhubirie juu ya mono. Sheria ile ya 2013 imewapa wafadhili kazi ya kulea roho za wanafunzi huku imani za wengine zikiheshimiwa, kwa hivyo wasituletee michango ya ujenzi tu. Mkorino asivuliwe kilemba kwa mzaha, wala Msabato asichekwe siku yake ya Sabato, kwa maana huo nao ni uonevu.

Nne, walimu wetu, kwa heshima zote, tunawaomba mtembee mabwenini usiku na wakati wa mapumziko, na mtusikilize bila kutufokea. Mwalimu anayemwambia mtoto "Acha kulialia kama mtoto mdogo" amefunga mlango ambao huenda hautafunguka tena. Tusidhani kwamba haiwezekani. Norway mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu walijiua, na ikaonekana kwamba huenda sababu ilikuwa uonevu wa wenzao. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha kampeni katika shule zote. Olweus niliyemtaja aliufuatilia mpango huo katika shule za mji wa Bergen na akakuta uonevu umepungua kwa karibu nusu. Hawakufanya miujiza. Watu wazima waliangalia watoto wakati wa mapumziko, kila darasa likawa na kanuni zake dhidi ya uonevu, mikutano ikafanywa, na wazazi wakahusishwa. Yale ambayo Wanorwe waliyaweza kwa kuangalia na kusema, sisi tunaosali kutwa mara tatu tutashindwaje?

Kwako wewe mono unayesoma makala haya ukiwa umejificha maktaba, nina neno moja. Hukufanya kosa lolote. Huo si msalaba wako, ni mshipi wa mtu, na mwenye mshipi ana jina. Mwombe Mungu akupe ujasiri, halafu litaje jina hilo kwa mwalimu unayemwamini. Wakati wa kusamehe utafika, na utasamehe ukiwa umesimama wima.

Na kwenu ninyi wenzangu tuliotangulia kuingia hapa, wahenga walituachia msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Shule zetu ni wagonjwa wa siku nyingi. Wageni wa Gredi ya 10 wameingia na masanduku yao. Tukiwapokea kwa utu, huenda tukapona sisi.